Foleni ya Fundi Inaanzia kwenye Bei

Msikilizaji, leo nazungumza na wewe unayejitafutia riziki kwa ujuzi wako bila bosi juu yako: fundi umeme, msusi, mpiga picha, mtafsiri, mchora mabango. Mifano yangu nitaitoa kwa fundi cherehani, kwa sababu huyo tunamfahamu wote, na wote tumewahi kumlaumu.

Lawama zenyewe zinajulikana. Umepeleka kitenge chako, umepimwa, umeambiwa, "Njoo Ijumaa." Ijumaa unafika unakuta kitambaa kimekunjwa vilevile ulivyokiacha, chaki haijakigusa. Fundi anakwambia, "Dada yangu, tumeshinda bila umeme." Unaondoka ukisema mafundi wote waongo.

Mimi nadhani tunawaonea. Wengi wao ni watu waaminifu waliokubali bei isiyowatosha. Bei ndogo ikawalazimisha kupokea kila kazi, na wingi wa kazi ukawalazimisha kudanganya tarehe. Kwa hiyo anayelalamika kwamba kazi zimemzidi, na anayelalamika kwamba haoni faida, mara nyingi ni mtu yuleyule, na tatizo lake ni moja. Tulitazame kuanzia kwenye bei.

Hapa Tanzania nauli ya daladala inapangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Bei kikomo ya petroli inatangazwa na EWURA, mamlaka ya nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Mwajiriwa ana kima cha chini cha mshahara kilichotangazwa na serikali. Bei ya kushona gauni haitangazwi na mtu. Sasa fundi anafanya nini? Anachungulia fremu ya jirani. Jirani anashona kwa 15,000, naye anasema 15,000, au anashusha hadi 14,000 ili awavute wateja. Lakini jirani yeye aliipata wapi hiyo 15,000? Kwa jirani yake. Unakuta mtaa mzima unashona kwa bei ambayo hakuna hata mmoja aliyekaa chini akaipigia hesabu. Na pengine huyo jirani fremu ni ya baba yake, halipi kodi. Pengine ana mwenza mwenye mshahara, na cherehani kwake ni nyongeza ya nyumbani. Ukimwiga bei, umeiga na maisha yake, na maisha hayo wewe huna.

Basi chukua daftari, tupige hesabu pamoja. Tarakimu nitakazotaja ni za mfano tu. Wewe utaweka za kwako.

Tuseme kwa mwezi kodi ya fremu ni 80,000. Umeme wa LUKU 25,000. Uzi, sindano, mafuta ya mashine na chaki 45,000. Matengenezo ya cherehani, pamoja na akiba ya kununua kingine hiki kikichoka, 30,000. Leseni, ushuru na kodi ya mapato, ukivigawa kwa miezi, 20,000. Jumla 200,000. Hiyo ni gharama ya kufungua mlango tu, hujala. Sasa weka mshahara wako wewe: chakula, kodi ya nyumba, ada za watoto, nauli, matibabu. Tuseme 500,000. Mwezi unakudai 700,000.

Upande wa pili weka saa. Hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Fundi anafungua saa 2 asubuhi, anafunga saa 12 jioni, anasema nimefanya kazi saa 10. Kweli ulikuwepo saa 10, lakini mguu wako ulikuwa kwenye cherehani saa ngapi? Umepima wateja. Umekaa na dada mmoja anayetafuta mshono kwenye simu yake nusu saa nzima. Umekwenda Kariakoo kutafuta zipu ya rangi inayolingana na kitambaa. Umepiga pasi, umepokea simu, umeme umekatika ukarudi. Ukihesabu kwa haki, saa za kushona hasa zitakuwa 6. Kwa siku 24 za kazi unapata saa 144. Toa saa 4 za kufumua na kurekebisha, zinabaki 140.

Gawanya 700,000 kwa 140. Unapata 5,000. Hiyo ndiyo thamani ya saa yako moja. Gauni la kitenge lenye bitana linalokula saa 5 ni 25,000, na hiyo ni kazi ya mikono peke yake. Zipu na bitana mteja anunue, au uviongeze juu.

Sasa turudi kwa jirani wa 15,000. Ukishona gauni hilo kwa bei yake, saa yako imekuwa 3,000. Mwezi mzima umeingiza 420,000. Mwenye fremu hakukupunguzia, LUKU haikukupunguzia, muuza uzi naye vilevile. Toa ile 200,000, unabaki na 220,000. Uliyemkata ni wewe peke yako. Mteja aliyepunguziwa amepata nafuu ya asilimia 40, wewe umepoteza zaidi ya nusu ya mshahara wako. Hata ukipunguza kidogo, kutoka 25,000 hadi 20,000, yaani sehemu ya tano tu, mshahara wako unashuka kutoka 500,000 hadi 360,000. Umejikata zaidi ya robo. Kila shilingi unayopunguza inatoka kwenye fungu la mwisho, na fungu la mwisho ndilo la nyumbani kwako.

Na hesabu hiyo haina likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki. Saa za ziada zilipwe si chini ya mara moja na nusu, na zisipite 50 katika mzunguko wa wiki nne. Wewe uliyejiajiri hakuna anayekulipa ukiwa na malaria, wala ukienda kijijini kuzika. Ukitaka mwezi mmoja wa mapumziko na dharura kwa mwaka, miezi 11 lazima ilishe 12. Saa yako ya 5,000 inapanda hadi karibu 5,500. Usiione hiyo kama tamaa. Mwajiriwa wa ofisini anaipata bila kuiomba.

Nasikia unasema, "Ndugu mtangazaji, hayo ya redioni. Huku mtaani nikitaja 25,000 mteja anageuza mguu." Ni kweli, wapo watakaogeuza. Tuwatazame kwanza walivyo.

Yupo anayesema, "Fundi, mimi si mtu wako?" Huyu ni shemeji, jirani, mtu wa msikitini au kanisani kwako. Kumpunguzia si dhambi, undugu una haki yake. Ila amua mapema kwamba kwa mwezi utashona nguo mbili za bei ya ndugu, ziandike, na zikiisha mwambie awamu hii imejaa. Usipoweka kikomo, utagundua kwamba mji mzima ni ndugu zako.

Yupo wa pili, mama wa kamati ya harusi. Huyu nataka tukae naye kidogo, maana ndiye anayewamaliza mafundi. Anakuja na sare, vitenge vya wanawake 25, harusi Jumamosi ya tatu kuanzia leo.

"Fundi, nimekuletea kazi. Watu 25. Kwa hiyo utatufanyia bei ya jumla, 15,000 kila mmoja."

Fundi anasikia "watu 25" na moyo unadunda. Lakini bei ya jumla inatoka wapi? Muuza sukari anapunguza kwa sababu naye alinunua magunia kwa bei ya chini. Saa zako wewe hazinunuliwi kwa gunia. Wanawake 25 ni miili 25, vipimo 25, na angalau watatu watakaosema kiuno kinabana. Kinachopungua ni kidogo: uzi ni wa rangi moja, hubadilishibadilishi, na mshono mmoja mkono unauzoea. Tuseme unaokoa nusu saa kwa kila gauni. Basi punguza nusu saa: 2,500. Gauni liwe 22,500, na mama wa kamati umwambie sababu. Kwa 22,500 kazi yote ni 562,500. Kwa 15,000 ni 375,000. Tofauti ni 187,500. Huo ni mchango wa harusi, tena mkubwa, kwa bibi harusi ambaye hata kadi hakukuletea.

Halafu tazama saa. Magauni 25 kwa saa nne na nusu ni zaidi ya saa 112. Mwezi wako una 140. Na yeye hakukupa mwezi, amekupa wiki tatu. Kazi hiyo haiingii kwa mikono yako peke yako, hata angelipa 30,000. Hapo una njia mbili: kumwita fundi mwenzako mkagawana, au kukataa. Ukimwita mwenzako, mwachie yale ambayo mkono wowote mzuri unayaweza, ovaloki, pindo, vifungo, na umlipe kwa kipande. Kukata na kupima baki nako. Jina litakalotajwa gauni likipwaya ukumbini ni la kwako.

Hapo tumeshaingia upande wa pili, upande wa wingi wa kazi.

Fanya jambo moja kesho asubuhi. Hesabu vitambaa vyote vilivyoko kwenye ule mfuko mkubwa chini ya meza. Tuseme ni 30. Kwa siku unamaliza nguo ngapi? Kwa hesabu yetu, moja na kidogo. Basi mteja atakayeingia kesho, nguo yake itatoka baada ya mwezi. Hakuna hekima ya kuizunguka hesabu hiyo. Ukimwambia "njoo Ijumaa," tayari umeshamdanganya hata kama umeme hautakatika. Na ukimtanguliza yeye kwa sababu anapiga kelele, umemrudisha nyuma mpole aliyelipa mapema. Mafundi wengi wanashona kwa mpangilio wa makelele, na wateja wao wamejifunza somo hilo vizuri sana.

Wapo wanaodhani ustadi ni kuijaza kila saa. Hapana. Mwaka 1909 mtaalamu wa hesabu wa Denmark, Agner Krarup Erlang, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alianza kuchapisha hesabu za simu zinazopigwa kwa wakati usiotabirika. Elimu ya foleni imekua kutokana na kazi hiyo. Mfano wake ulio rahisi kabisa unamfaa fundi mmoja mwenye cherehani kimoja, ambaye wateja wanamjia bila ratiba. Akiwa ameshikika asilimia 80 ya muda wake, kazi mpya kwa wastani inangoja muda wa kushona nguo nne. Akishikika asilimia 90, inangoja muda wa nguo tisa. Akifika 95, ni nguo 19. Kutoka 80 hadi 95 umeongeza kazi kidogo tu, lakini, tukihesabu nguo moja kwa siku, mteja aliyekuwa akingoja siku nne sasa anangoja karibu siku 20. Zile saa chache unazoziacha wazi kila wiki ndizo zinazobeba umeme uliokatika, mtoto aliyeugua na zipu iliyokataa kufunga. Ahadi zako zinatimia kwa sababu ya saa hizo.

Lakini ni nani anayeweza kuacha saa wazi? Ni yule tu ambaye bei yake inatosha. Fundi wa 15,000 akiacha saa moja, mtoto analala njaa; kwa hiyo anajaza asilimia 100, anapokea kazi za asilimia 110, na hapo Ijumaa zinaanza kurundikana. Ndiyo maana nasema foleni inaanzia kwenye bei.

Bei ikishakaa, kuna taratibu chache za kuilinda.

Kwanza, kianzio. Nusu ya malipo kabla mkasi haujagusa kitambaa. Kianzio kinakununulia uzi na bitana, lakini faida yake kubwa ni kuchuja. Mteja ambaye hajaweka hata shilingi anaweza kupeleka kitambaa kwa mafundi watatu akasubiri nani atamaliza kwanza. Siku hizi pesa zinatumwa kwa simu, kisingizio cha "sina keshi" kimekwisha. Tarehe ianze kuhesabiwa siku kianzio kilipoingia, si siku kitambaa kilipoletwa.

Pili, tawanya tarehe. Kila mtu anataka Ijumaa kwa sababu sherehe ni Jumamosi. Wewe mpe Jumanne. Jumanne ajaribu, aseme panapobana, Alhamisi achukue. Anayejaribu nguo Ijumaa jioni anakuachia usiku mmoja wa kurekebisha, na usiku huo mnakuwa wateja sita na fundi mmoja.

Tatu, marekebisho yawe na mpaka. Kosa la vipimo ni lako, rekebisha bure na uombe radhi. Lakini mteja aliyechagua mikono mirefu, nguo ikaisha, akamwona mwenzake ana mikono mifupi ya kupuliza, huyo ameleta kazi mpya. Mchora mabango naye anajua maumivu haya: "Badilisha kidogo tu hiyo rangi," mara ya nane. Sema siku ya kwanza ni mara ngapi, na baada ya hapo ni kiasi gani.

Nne, bei ya haraka. Mkesha wa Idi, saa 5 usiku, mafundi wa Tanzania wako macho wanashona. Kwa mwajiriwa hiyo ni saa ya ziada, mara moja na nusu kisheria. Fundi aliyejiajiri anashona kwa bei ileile, mara nyingine kwa punguzo, kwa sababu mteja amemlilia. Anayetaka kesho alipe kama sheria inavyomlipa mwajiriwa: gauni la 25,000 liwe 37,500. Wengi watasema, "Basi nitangoja wiki ijayo." Vizuri, foleni imepungua bila ugomvi. Atakayelipa amekulipa usingizi wako.

Na uitazame kalenda. Januari ni sare za shule, Desemba ni Krismasi, hizo hazihami. Idi inahama. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo Idi el Fitri iliyokuwa Aprili 10 mwaka 2024 ilikuwa Machi 31 mwaka 2025, na inazidi kurudi nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 2030 itakutana na sare za shule mwezi Januari, na mwishoni mwa 2033, kwa mwandamo wa mwezi, Idi na Krismasi zinatarajiwa kuangukia wiki moja. Fundi mwenye kalenda ataanza kupokea kazi za sikukuu wiki sita kabla, atafunga daftari wiki mbili kabla, na atakuwa na vijana wawili wa kumsaidia aliowafundisha mapema. Wa "njoo Ijumaa" atazima simu.

Sasa turudi kwa wale watakaogeuza mguu ukitaja 25,000. Usipandishe kwa wote siku moja. Anza na wateja wapya, hao hawana bei ya zamani ya kukumbuka. Wa zamani wape taarifa: kuanzia mwezi wa pili bei ni hii. Tuseme walikuwa 28 kwa 15,000, ukaingiza 420,000. Ukipanda hadi 25,000 na wakakukimbia 11, wanabaki 17, wanakuingizia 425,000. Umeingiza kidogo zaidi, na umepata saa 55 ulizokuwa huna. Saa hizo zitakuwezesha kushona nguo safi na kuitoa kwa tarehe, na nguo iliyotoka kwa tarehe ndiyo inayoleta mteja wa 18. Rahisi huvunja upishi, wahenga walisema, na wateja wengi wamekwisha kuvunjiwa mara nyingi. Wapo walio tayari kulipa 10,000 zaidi kwa uhakika wa kuvaa nguo yao siku ya sherehe.

Lakini haki ya kudai bei hiyo unaipata kwa kutimiza. Ukitoza 25,000 ukaendelea kuchelewesha, mteja atarudi kwa jirani, na atakuwa hana kosa.

Neno la mwisho ni kwa sisi wateja. Tunapombana fundi hadi senti ya mwisho kisha tukamtaka Ijumaa, tunaomba vitu viwili ambavyo saa zake haziwezi kuvibeba pamoja. Peleka kitambaa mapema, weka kianzio, kisha mdai tarehe bila aibu, maana sasa una haki. Na wewe fundi unayenisikiliza huku mguu uko kwenye cherehani, daftari la shilingi mia chache linatosha kuanza: saa ulizoshona, pesa zilizoingia, pesa zilizotoka. Hata TRA, mamlaka ya mapato, huwatoza wafanyabiashara wadogo wenye kumbukumbu nafuu kuliko wasiokuwa nazo. Andika kwa mwezi mmoja kabla ya kubadilisha chochote, halafu taja bei yako ukiwa unajua imetoka wapi. Mteja akiuliza kwa nini, utakuwa na jibu.